Masikio ya Mfagiaji wa Gati

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walisema hivyo kwa sababu hawakukutana na Naftaly Ogada wa mtaa wa Section 58, Nakuru. Njia yake yeye ilitoka nyumbani asubuhi, ikapanda hadi Molo, ikazunguka Njoro, ikashuka ziwani kutazama maji, na saa ya chai ikafika salama kwenye benchi la kibanda cha chai cha Mama Quincy bila hata tope kiatuni. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha pareto, lile ua la dawa ya wadudu, mpaka akastaafu, na kwa maelezo yake mwenyewe mbu wa Nakuru nzima walikuwa bado wanampisha njiani, kwa heshima.

Benchi lile lilikuwa na sheria zake. Mtu alikuwa huru kusimulia lolote, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita mwongo. Hilo lilihesabiwa tusi. Lakini yeyote angeweza kuinua kikombe na kusema, "Leta shahidi." Hapo msimuliaji alipaswa kutoa mtu aliye hai, asiye wa ukoo wake wala wa benchi, aseme ndiyo, nilikuwepo. Akimkosa, alibeba birika na kuwamiminia wenzake chai mmoja mmoja, ameinama kama bi harusi mbele ya wakwe. Akimpata, alikalia ile ncha ya benchi iliyo karibu na jiko, na baridi ya Julai ya Nakuru si ya kufanyiwa mzaha. Ogada hakuwahi kukalia ncha hiyo hata siku moja. Birika ndilo lililomzoea.

Basi siku moja alikuwa katikati ya habari ya samaki aliyemvua akiwa amelala, mjukuu wake wa kike, Achola, akatokea mbio, rangi imemganda mpaka kwenye nyusi. Achola alikuwa mchoraji. Kama umepita shule yoyote ya chekechea kati ya mitaa ya Bondeni na Kiamunyi ukaona twiga anacheka ukutani, huyo twiga ni wake.

"Babu! Babu, anakuja!"

"Nani? Askofu?"

"Askofu nani! Bi Setsuko! Yule wa Gati la Nyota ya Chumvi! Anakuja Jumamosi kwa ile siku yetu ya anime, pale ukumbini Bondeni!"

Wazee wa benchi walitazamana. Achola akawaeleza, maskini, akidhani wanahitaji kueleweshwa: Gati la Nyota ya Chumvi ni katuni ya zamani ya Kijapani, ya vyombo vya angani na maroboti, iliyotengenezwa wakati kila picha ilichorwa kwa mkono. Bi Setsuko alikuwa miongoni mwa wapaka rangi. Sasa amestaafu, na amekuja kumtembelea mpwa wake, Emi, anayefundisha ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi huko Kiamunyi.

"Na mimi ndiye nimepewa kumuuliza maswali kwa jukwaa," Achola akasema. "Sehemu ya siri zilizofichwa ndani ya picha. Babu, nitamuuliza kuhusu wewe. Mbele ya watu wote!"

Chai ya Ogada ilipita njia isiyo yake. Kabiru, kinyozi mstaafu mwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja, alimgonga mgongoni kwa furaha ya mtu aliyengoja siku hiyo kwa miaka.

"Shahidi," Kabiru alisema polepole, kama anaonja asali. "Ogada, Mungu si Athumani. Shahidi wako amepanda ndege."

*

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Achola alipokuwa na umri wa miaka saba alishikwa na matubwitubwi, mashavu yakavimba, akawa halali wala hanyamazi. Ogada alienda Bondeni akarudi na kanda ya video iliyochakaa, aliyoichagua kwa sababu ilikuwa na picha ya roboti. Wakatazama pamoja. Katika sehemu ya tisa vyombo vinatua kwenye sayari nyeupe ya chumvi, na juu ya chumvi hiyo ndege wa waridi wanainuka kwa maelfu.

"Babu," mtoto akasema kupitia mashavu yale, "hao si flamingo wa hapa kwetu?"

Mtu mwingine angesema, labda. Ogada alisema, "Ni wao kabisa. Nani unadhani alimpeleka mchoraji kuwaona?"

Na hapo mlango ukafunguka, na yeye hakuwa mtu wa kuacha mlango wazi bila kupita. Mchoraji alikuja Nakuru, akasema. Alivaa kofia. Nyati akawatokea kando ya ziwa, akainamisha pembe, na Ogada akamfungulia mwavuli usoni. Nyati, ambaye maishani mwake hakuwahi kuona mwavuli, akaona aibu akaenda zake. Kwa shukrani mchoraji alirudi kwao akawatia flamingo katika katuni, na akamtia Ogada mwenyewe. Angalia! Palepale gatini, nyuma ya nahodha, alipita mzee mmoja mwenye ufagio na masikio makubwa kama vifuniko vya sufuria. Alionekana kwa muda wa kupepesa jicho. Mtoto alimtazama mfagiaji, akamtazama babu yake, akayatazama masikio ya babu yake, na akaacha kulia.

"Na huyo mchoraji aliitwa nani?"

Ogada alitupa macho dirishani kutafuta msaada. Nje palikuwa na lori la kubeba viazi, na jina limeandikwa kwenye paji la uso wake.

"Isuzu," akasema. "Bwana Isuzu."

Kutoka siku hiyo mtoto hakuachilia penseli. Kila alipochora ndege, alisema anachora kama Bwana Isuzu. Ogada aliona hakuna haraka ya kurekebisha. Mtoto angekua, angesahau. Mtoto akakua. Hakusahau kitu.

*

Wiki ile Ogada alijaribu kila mlango. Alianza kwa kusingizia mguu, akachechemea nyumba nzima. Achola akasema ukumbi una viti. Akajaribu njia ya hekima.

"Mjukuu wangu, mgeni ni mgeni. Muulize mambo ya kawaida. Muulize alikula nini kazini."

"Hayo pia yapo. Lakini habari yako wewe ndiyo itafunga shoo. Nimeitengenezea bango."

"Bango?"

Alikuwa amelitengeneza kweli. Bango refu kama mlango: upande mmoja mfagiaji wa gati, upande mwingine Ogada, amechorwa na ufagio ule ule, na flamingo wakiruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Masikio yalifanana mpaka inatisha. Ogada alisimama mbele ya bango lile akiyashika masikio yake mwenyewe. Yeye kuchekwa hakukumsumbua. Alikuwa amechekwa na watu wa kila kabila la Bonde la Ufa. Lakini aliona jukwaa, aliona vijana wamejaa, na aliona uso wa Achola pale yule mama Mjapani atakaposema, kwa upole wote wa Kijapani, kwamba Isuzu ni lori.

Alifikiria kumwambia. Alikwenda hata mpaka mlangoni pa chumba chake. Achola alikuwa akipaka mabawa ya flamingo wa mwisho huku akiimba, na Ogada akarudi jikoni akajimiminia chai asiyoitaka.

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Vijana walikuja wamevaa maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, na msichana mmoja alikuwa na taa ya baiskeli inayowaka kifuani. Kipketer, mwenyekiti wa kikundi chao, alivaa joho lililokuwa pazia mpaka asubuhi ya siku hiyo. Pete za pazia bado zilikuwa zinaning'inia. Benchi la Mama Quincy lilikuja lote na kuketi safu ya mbele, Kabiru katikati, amevaa suti ya mazishi.

"Niaje, mzee!" Kipketer akamsalimia Ogada. "Wewe ndiye yule mfagiaji? Heshima, boss!" Akainama mpaka pazia likagusa sakafu.

"Bado haijathibitishwa," Kabiru akasema.

Bi Setsuko alikuwa mama mdogo, mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mtoto wa shule, na macho yaliyokuwa yakitembea ukumbi mzima kama yanatafuta kitu cha kuiba. Emi aliketi kando yake kutafsiri. Kiswahili cha Emi kilikuwa cha Kiamunyi kabisa. Alisema "sawa basi" na "ati nini" bila kujikwaa.

Achola alianza vizuri, na mama yule akafungua siri moja baada ya nyingine. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo cha nahodha? Ilikuwa namba ya simu ya hoteli ya tambi iliyokuwa chini ya studio. Wenye hoteli walipigiwa na watoto wa Japani nzima wakiulizia roboti. Mlio wa injini? Mchele unaoshwa kwenye sufuria ya bati, sauti yake ikachezwa kinyumenyume. Ule mwezi wa tatu wa kahawia unaoonekana mara moja tu, ambao mashabiki wameutungia historia ndefu? Mtu aliweka kikombe cha kahawa juu ya picha. Hapakuwa na wakati wa kuchora nyingine, basi wakauongeza mwezi kwenye hadithi. Ukumbi ulipiga makofi mpaka maboksi yakaanza kubanduka gundi.

Kisha Achola akafunua bango.

Alisimulia yote kwa furaha: ziwa, kofia, nyati, mwavuli, mfagiaji. "Na huyo mchoraji," akamalizia, "aliyeleta ndege wetu kwenye Nyota ya Chumvi, alikuwa Bwana Isuzu. Bi Setsuko, unamkumbuka?"

Emi alifungua kinywa kutafsiri, akakifunga, akakifungua tena. Alipofika kwenye lile jina, Wajapani wengine wawili waliokuwa nyuma, walimu wenzake, walitazama sakafu kwa nguvu sana. Mtu mmoja akakohoa. Kabiru akageuka kwenye kiti chake, taratibu, kama mlango wa benki.

Ogada akasimama. Magoti yalitangulia akili.

"Mama," akasema, "kabla hujajibu, huyu mtoto hana makosa. Hiyo habari, mimi—"

Bi Setsuko aliinua kidole. Alimtazama Ogada, akamtazama Achola aliyeshika kona ya bango lake kwa mikono miwili, halafu akamtazama Ogada tena, muda mrefu zaidi. Akasema jambo fupi.

"Anasema ugeuke upande," Emi akatafsiri. "Anataka kuona masikio."

Ogada akageuka. Ile taa ya baiskeli ikammulika sikio. Ghafla mama yule akapiga makofi mara moja, akacheka kicheko kikubwa kuliko mwili wake, akaanza kusema mfululizo, mikono hewani. Emi alimsikiliza, akamtazama shangazi yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akatafsiri.

"Anasema... ndiye. Anasema Isuzu lilikuwa jina la utani. Mchoraji huyo alikuwa akilala chini ya meza na kukoroma kama lori, kwa hivyo studio nzima ilimwita hivyo. Jina lake halisi yeye mwenyewe alikuwa amelisahau."

Ukumbi ulilipuka. Achola aliziba mdomo kwa viganja.

"Alikuwepo yeye?" Kabiru aliuliza kwa sauti, akisimama na suti yake ya mazishi. "Ziwani? Muulize hivyo. Alikuwepo?"

Emi akauliza. Mama akaitikia kwa kichwa bila haya.

"Anasema alikuwepo. Alikuwa msichana mdogo, amebeba boksi la rangi. Ila anasema..." Emi akaanza kucheka. "Samahani. Anasema hakuwa nyati."

"Ahaa!" Kabiru akasema.

"Alikuwa nyani. Na huyu mzee ndiye aliyefukuzwa. Alikuwa ameanika suruali yake kwenye kichaka kwa sababu aliteleza akaingia ziwani, na nyani akaichukua, akaivaa kichwani. Anasema mzee alirudi mjini amejifunga kitambaa cha meza cha maua. Bwana Isuzu alicheka mpaka akashindwa kushika penseli. Ndiyo maana, anasema, ukimwangalia yule mfagiaji vizuri, hana suruali. Ana aproni ndefu."

Macho yote yakaenda kwenye bango. Mfagiaji, ni kweli, alivaa aproni ndefu. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

"Ogada!" Kabiru alipaza sauti, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Ogada, jibu mbele ya watu! Ni kweli hiyo ya suruali?"

Maisha yake yote Ogada alikuwa ametunga habari za kumfanya aonekane mrefu zaidi. Sasa mtu alikuwa amemtungia moja, mbele ya nusu ya Nakuru, na ndani yake alikuwa amejifunga kitambaa cha meza. Akiikana, inaanguka yote, na bango, na Isuzu. Alimtazama Achola. Msichana alikuwa anang'aa kama mtu aliyemezeshwa taa.

"Ni kweli," akasema. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kuacha kila kitu, akaongeza, "Lakini alikuwa nyani mkubwa."

*

Baadaye, vijana walipokuwa wakipiga picha na bango, Bi Setsuko alimvuta Ogada nyuma ya ukumbi, Emi akifuata na sahani ya mandazi. Mama alikaa juu ya kreti ya soda akala mandazi mawili kwanza, bila haraka.

"Anauliza kama umekasirika kwa sababu ya suruali," Emi akasema.

"Mwambie nimeheshimika. Lakini nauliza, alikuja lini huku? Mimi sikumwona."

"Mzee," Emi akasema, "shangazi hakuwa ametoka Japani hata mara moja kabla ya wiki hii."

Ogada alivua kofia. Hakuwa ameivua mbele ya msimuliaji mwingine tangu azaliwe.

"Kwa nini basi?"

Mama alijibu akifuta vidole, safari hii kwa upole. "Anasema pale studio hakuwahi kuchora hata mstari mmoja. Wachoraji walikuwa wengine. Yeye aliletewa picha ina mistari tu, kazi yake ikawa kupaka rangi, bila kutoka nje ya mstari. Anasema leo pia, mstari ulikuwa wako. Yeye amepaka tu."

"Na suruali?"

"Anasema mtu wa kupaka rangi pale aliruhusiwa kuongeza kivuli."

Ogada alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akauliza lile lililokuwa linamwasha. Wale ndege, kwa kweli, walitoka wapi?

Mama akashusha sauti, kana kwamba hili ndilo la hatari. Ndege walipangwa wawe weupe, akasema. Lakini katuni nyingine ya watoto, ya familia ya nguruwe, ilikuwa imekatizwa ghafla, na studio ikabaki na mapipa ya rangi ya waridi mpaka kwenye ngazi. Mkubwa akaamuru itumike yote kabla haijakauka. Ndege wakawa nguruwe kwa rangi. Na mfagiaji alikuwa mwenye jengo, aliyefagia ngazi kila alfajiri kwa kelele, akiwaamsha waliolala chini ya meza. Walimchora kulipiza kisasi. Yeye hakujua mpaka akafa.

"Rangi ya nguruwe," Ogada alinong'ona. "Hiyo hata mimi nisingeweza kuitunga."

*

Jumatatu alikalia ncha ya jiko. Aliikalia kwa haki. Shahidi alikuwa hai, si wa ukoo, si wa benchi. Watu walipita njiani wakiuliza hali ya suruali, na Mama Quincy alikuwa ametandika meza yake kitambaa cha maua, kwa makusudi. Joto lilimpanda miguuni. Lakini Ogada hakutulia. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na habari ya kweli, nzima, isiyo na kiraka, na ilikuwa inamcheza tumboni kama kifaranga ndani ya yai. Alivumilia Jumatatu. Jumanne akavumilia. Jumatano Achola alikuja kukaa nao, anachora mchoro wa ukuta mpya, na kifaranga kikatoboa yai.

"Mnajua," Ogada akasema hewani, "kwa nini wale ndege ni wa waridi?"

Akawaambia. Mapipa, ngazi, nguruwe, mkubwa na amri yake. Aliisimulia vibaya, bila mbwembwe, kwa maana hakujua ukweli husimuliwaje. Alipomaliza, Kabiru akainua kikombe.

"Leta shahidi."

Emi alikuwa Kiamunyi, simu moja tu. Angekuja, angesema ndiyo, benchi lingenyamaza, na Isuzu angerudi kuwa lori. Ogada aliangalia karatasi ya Achola. Ukuta mzima wa flamingo, na mbele yao mzee mwenye mwavuli, nyani mwenye suruali kichwani, na mtu wa kofia akicheka mpaka penseli imemdondoka.

"Sina," Ogada akasema.

"Nguruwe!" Kabiru akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Tumekupa ncha ya jiko, umeanza kuzembea. Mtu aliyekutana na Isuzu, anatuletea mapipa!"

Ogada akainuka kwenye joto, akachukua birika, akaanza kumimina, ameinama vizuri. Alimimina kwa Kabiru, kwa wengine, mwisho kwa mjukuu wake. Achola alimtazama kutoka chini ya zile nyusi zenye rangi.

"Babu, hiyo ya nguruwe umeitoa wapi? Hata haijashika."

"Usijali," Ogada akasema, akimjazia kikombe mpaka ukingoni bila kumwaga tone. "Huo ni mstari tu. Bado sijaipaka rangi."